Kusoma maabara: cheti cha miezi sita achana nacho, haya ndo utakayokutana nayo chuoni

Swali la msomaji: "Shikamoo dada mtaalamu. Mimi ni binti wa miaka 19, niko Sengerema, nimemaliza form four nina C ya Baiolojia, C ya Kemia, D ya Fizikia, D ya Hesabu na C ya Kingereza. Natamani kusoma maabara ila mjomba ambaye ndo atanilipia ada anasema ni kazi ya kupima kinyesi na mikojo ya watu na siku hizi mashine zinafanya kila kitu. Kuna sehemu hapa mjini wanatoa cheti cha maabara kwa miezi sita. Naomba unielezee chuoni wanasoma nini hasa, je ni ngumu, nichague chuo vipi, na ajira zipo? Alafu mimi naogopa damu kidogo."

Marahaba mdogo wangu. Matokeo yako yanatosha kuomba diploma ya maabara, hilo liweke pembeni ulale. Msingi unaoangaliwa ni angalau D nne kwenye masomo yasiyo ya dini na humo ndani iwepo Kemia, Baiolojia na Fizikia, wewe unazo zote na una Hesabu na Kingereza juu yake. Chukua tu kitabu cha mwongozo cha NACTVET (baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi) cha mwaka unaoomba usome mstari wa chuo chenyewe, maana masharti yanabadilikaga na kuna vyuo vinaongeza ya kwao. Vyuo vikuu vinavyotoa diploma hii, mfano Muhimbili au hapo Bugando ng'ambo yako, watu wanagombania nafasi kwa hiyo ile D ya Fizikia inaweza kukuacha nje hata kama vigezo umetimiza. Omba huko, na omba na kwingine usikae unasubiri sehemu moja.

Hiyo kozi ya miezi sita achana nayo kabisa. Kazi hii ina sheria yake ya mwaka 2007 na ina Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, bila kusajiliwa na Baraza hauruhusiwi kumpima mgonjwa, na Baraza halimsajili mtu mwenye cheti cha miezi sita cha mtaani. Wanaotoka huko nawaona, wanaishia kwenye vimaabara vya uchochoroni wanalipwa kwa siku, na siku wakaguzi wakitokea mwenye maabara anakwambia pita mlango wa nyuma. Pesa ya mjomba inakuwa imeliwa na miezi sita imeliwa. Njia halali ni ngazi: mwaka wa kwanza unaitwa NTA level 4, wa pili level 5, wa tatu level 6 ambayo ndo diploma yenyewe. Ukiishia mwaka wa pili unatoka kama msaidizi wa maabara, ukimaliza wa tatu unakuwa mteknolojia. Jitahidi ufike wa tatu, wasaidizi wana nafasi finyu na kila siku wanarudi chuo kumalizia.

Sasa mjomba. Hajakosea, kinyesi na mkojo utapima, tena utapima sana, mwaka wa kwanza na wa pili utaota vikopo. Ila muulize yeye ambaye amekulia kando ya ziwa, watu wangapi anawajua wamevimba tumbo kwa kichocho. Yule mdudu anaonekana kwa mayai yake kwenye kinyesi, na hakuna daktari anayeweza kuyaona kwa kumshika mtu tumbo. Utafundishwa kipimo kinaitwa Kato-Katz, kuna kibao kidogo cha plastiki chenye tundu, ukijaza kinyesi kwenye lile tundu unapata miligramu 41.7, unakiweka kwenye slaidi, unakigandamiza, unahesabu mayai yote unayoyaona kisha unazidisha kwa 24 upate mayai kwa gramu moja. Ukihesabu 12 hapo ni 288 kwa gramu, huyo mtu sio wa kumwambia aende nyumbani. Yai la kichocho cha tumbo lina mwiba ubavuni, la kichocho cha kibofu lina mwiba mwishoni, na hilo la pili unalitafuta kwenye mkojo, lakini mkojo wenyewe uchukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana maana ndo muda mayai yanatoka kwa wingi. Mtu akikuletea mkojo wa saa kumi na mbili asubuhi ukampa jibu la hakuna kitu, umempa jibu la saa sio la ugonjwa. Vitu vya namna hii ndo maabara yenyewe, na ndo maana haisomwi miezi sita.

Malaria itakula muda wako kuliko kitu chochote, ngoja nikae hapo kidogo. Watu wanaona tone la damu kwenye slaidi wanadhani ni kuangalia tu. Unatengeneza matone mawili, damu nene na damu nyembamba. Nyembamba unaigandisha na methanoli, aina ya spiriti, nene haigusi methanoli kabisa, kwa sababu kwenye nene tunataka seli nyekundu zipasuke zote tubaki na wadudu na seli nyeupe, ukiigandisha seli hazipasuki na unabaki na ukungu mzito ambao hauoni kitu. Wanafunzi wengi slaidi zao za kwanza zinakufa hapo, methanoli imechuruzika kidogo tu ikagusa upande wa pili basi. Alafu rangi ya Giemsa, ya asilimia 10 kwa dakika 10 au nyepesi zaidi kwa muda mrefu zaidi, na maji ya kuichanganyia yawe na pH ya 7.2, sio maji ya bomba uliyoyakinga asubuhi. Ukitumia maji mabaya wadudu wanapauka au slaidi nzima inakuwa ya bluu. Ukifika kwenye hadubini unaweka tone la mafuta, unatumia lenzi ya 100, na ili useme "hakuna wadudu" lazima uwe umepita sehemu 100 za ile slaidi. Mia. Sio kumi.

Na ukiwaona wadudu unahesabu, haitoshi kusema wapo. Unahesabu wadudu hadi ufikishe seli nyeupe 200, mfano umepata wadudu 150, unazidisha 8000 unagawa kwa 200, jibu ni wadudu 6000 kwa mikrolita moja ya damu. Hiyo namba daktari akiirudia kesho na keshokutwa anajua dawa inafanya kazi au haifanyi. Ile lugha ya mtaani ya "nimekutwa na malaria mbili" inatokana na kuweka alama za kujumlisha badala ya kuhesabu, na bado kuna sehemu wanaandika hivo mpaka leo, inanikera sana. Jicho nalo linahitaji muda, mwanzoni chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda) ikikaa juu ya seli nyekundu utaapa ni mdudu, punje ya rangi utaapa ni mdudu, na mdudu mwenyewe kale kapete kembamba utakapita. Hakuna kitabu kinachotibu hilo, ni slaidi nyingi na mwalimu anayekaa pembeni yako anakwambia rudi nyuma kidogo, hapo, unaona nini.

Mtu atakwambia siku hizi kuna kile kipimo cha haraka cha malaria, cha mstari, hadubini ya nini. Kile kipimo kinatafuta protini ya mdudu na ile protini inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo mtu ametibiwa juzi akipimwa leo mstari unatokea palepale. Hapo ndo hadubini inaitwa.

Mwaka wa tatu ndo unakuwa mzito. Utaingia bakteria, kemia ya damu, chembe za damu kwa undani, kuongezewa damu, na kidogo vinyama vinavyokatwa hospitali kwa ajili ya saratani. Bakteria utaanza na rangi ya Gram, inayowagawa bakteria makundi mawili, ya tangu 1884 na haijachoka, hatua nne tu lakini ile ya kusuuza kwa spiriti ni sekunde, ukizidisha bakteria wote wanaonekana wa kundi moja na mgonjwa anapewa dawa ya kundi lisilo lake. Kuotesha kwenye sahani ni saa 18 hadi 24 kwenye joto la 37, halafu unapanga vidonge vya antibaiotiki uone kipi kinamzuia. Kifua kikuu utasoma ile njia ya zamani ya kupaka makohozi rangi nyekundu na kuipasha moto, na utasoma mashine ya GeneXpert ambayo inatoa jibu kama masaa mawili na inakwambia kabisa kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, dawa ya kifua kikuu. Kwenye damu salama hapo hakuna utani hata chembe, makundi ya damu mtafiti Landsteiner aliyaeleza mwaka 1901 na mpaka leo chupa isiyo yake inaua mtu ndani ya muda mfupi, ndo maana utafundishwa kulinganisha damu ya mgonjwa na ya chupa hata kama kundi limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa.

Umeuliza ni ngumu? Kusoma sio kugumu sana kwa mtu aliyepata C ya Kemia. Hesabu ni za kuchanganya dawa, kupunguza makali, kuzidisha na kugawa kama hiyo ya malaria, ukiwa na kalkuleta na ukielewa kwanini unazidisha utapita. Kingereza utakihitaji maana vitabu na mitihani ni kwa Kingereza. Mitihani ya mwisho wa semista kwa vyuo vingi vya afya inaratibiwa na Wizara kwa pamoja, kwa hiyo mtihani wa mwalimu wenu mnayemzoea sio unaokuja. Na vitendo vina mtihani wake, unaingia chumbani kuna slaidi, kengele inagongwa, dakika chache andika umeona nini, kengele, hama. Hapo wale wa kukariri wanalia.

Kinachowashinda watu kazini ni kitu kingine na hiki ndo nataka ukishike hata ukisahau mengine yote. Daktari akipokea karatasi yako haoni jinsi ulivyopima. Anaona namba. Na anatibu kwa hiyo namba. Sasa chukulia uko zamu ya usiku peke yako, mstari wa watu nje, watoto wanalia, una slaidi nyingi mbele yako na mafuta ya lenzi yanakaribia kuisha, unaangalia sehemu kumi tu za slaidi huoni kitu, mkono unaenda wenyewe kuandika hakuna wadudu. Nani atajua? Sisi tunaita kupika majibu, na yapo, na wapo wanaopika mpaka sukari ya mtu, anaangalia mgonjwa amekaaje anaandika 5.4. Hakuna chuo kinachoweza kukupima hilo kwa mtihani. Kama unajijua ni mtu wa kumaliza kazi ili mradi imeisha, mdogo wangu nakuomba usome kitu kingine, na sikwambii kwa ubaya.

Kuna na upande mwingine wa hilo hilo ambao watu hawaufikirii, sampuli yenyewe. Makosa mengi ya majibu yanatokea kabla sampuli haijafika kwenye mashine. Nikupe mfano mmoja ambao utakutana nao wodini wiki ya kwanza ya fildi. Tyubu yenye kifuniko cha zambarau ina dawa ya kuzuia damu isigande inaitwa EDTA, na hiyo EDTA ni chumvi ya potasiamu. Nesi amechoka, amevuta damu akajaza ya zambarau, akaona ile tyubu ya kifuniko chekundu haijatosha, akamimina kidogo kutoka ya zambarau kwenda kwenye nyekundu. Ukiipima potasiamu inapanda juu kabisa na kalisiamu inashuka chini kabisa, kwa namba zile mtu alitakiwa moyo uwe umesimama, na mgonjwa mwenyewe amekaa kitandani anakunywa uji. Mteknolojia aliyefundishwa vizuri akiona namba mbili hizo pamoja hatoi jibu, ananyanyua simu anaomba damu nyingine. Asiyefundishwa anatuma, na daktari naye akiwa na haraka anaanza kushusha potasiamu ya mtu ambaye potasiamu yake ni nzima. Ndo maana hata mpangilio wa kujaza tyubu una utaratibu, ya bluu inatangulia nyekundu, zambarau inakuja baadae, ya kijivu mwisho.

Ya kijivu ni ya sukari, ina dawa ya kuzuia seli zisile sukari. Ukiweka damu ya sukari kwenye tyubu ya kawaida na boda akaileta baada ya masaa matatu, seli zimeshakula kama asilimia 5 hadi 7 kila saa, unampa mtu wa kisukari jibu zuri ambalo sio lake. Mkojo ukikaa juani bakteria wanazaana humo humo ndani ya kikopo na kesho mtu anaambiwa ana UTI. Maji ya uti wa mgongo yanayotafutwa bakteria hayaendi kwenye friji, kinyesi cha majimaji kinachotafutwa amiba kipimwe ndani ya nusu saa. Na lebo inaandikwa pale pale mbele ya mgonjwa, baada ya kuvuta damu, sio umekuja na tyubu sita zimeshaandikwa mfukoni, maana wodi moja inaweza kuwa na kina Neema watatu. Utajifunza kukataa sampuli, na kukataa sampuli ni ugomvi, utaitwa una nyodo, utaambiwa maabara mnajifanya. Zoea.

Nikiwa hapo hapo, taifodi. Utaenda mtaani utakuta kila mtu ana malaria, taifodi na UTI kwa pamoja, kifurushi kimekamilika. Taifodi nyingi za uchochoroni zinatoka kwenye kipimo cha Widal, tone la damu na tone la dawa, vikigandana basi una taifodi. Kile kipimo kinaangalia kinga mwilini, na kwenye nchi kama yetu mtu anaweza kuwa nazo kwa sababu aliugua zamani au alipata vijidudu vingine vinavyofanana, tone moja la siku moja halithibitishi kitu. Kuthibitisha ni kuotesha damu. Ukiajiriwa sehemu ambayo mwenye maabara anakulazimisha Widal kwa kila anayeingia kwa kuwa inauza, utajua mwenyewe cha kufanya, ila ujue mapema kwamba hiyo siku inakuja.

Mashine sasa. Ni kweli zipo na zinaongezeka, hata hospitali ya wilaya siku hizi unakuta mashine ya damu inayotoa karatasi ndani ya dakika moja. Mjomba anadhani mashine inamfukuza mtu, hajawahi kuona inavyodanganya. Kuna watu damu yao ikikutana na EDTA zile chembe sahani zinashikana mafungu mafungu, mashine inaona mafungu machache inaandika chembe sahani ziko chini sana, daktari anaanza kutafuta damu ya kuongeza. Ukipaka slaidi ukaangalia pembeni unayaona mafungu hayo hapo yamejazana, unaomba damu kwenye tyubu ya bluu, ambayo haina EDTA, unapima upya. Au mtoto wa sikoseli, na huko Kanda ya Ziwa utawaona wengi sana, anatoa seli nyekundu changa bado zina kiini, mashine nyingi ndogo zinazihesabu kama seli nyeupe. Imeandika 30,000, unahesabu kwenye slaidi unakuta changa 50 kwa kila seli nyeupe 100, ukirekebisha seli nyeupe za kweli ni 20,000. Tofauti hiyo inabadilisha maamuzi. Mashine kila asubuhi inapimwa yenyewe kwanza kwa dawa ambayo jibu lake linajulikana, unachora kwenye grafu, ikitoka nje ya mstari haupimi mgonjwa mpaka ujue kwanini. Kazi za mkono zimepungua, sawa, ila za kichwa zimeongezeka.

Na maabara sio hicho chumba cha hospitali peke yake. Homa ya virusi vya Marburg ilipotokea Bukoba mwaka 2023, watu walikuwa wanakufa na hakuna anayejua ni nini mpaka Maabara ya Taifa ya Afya ya Jamii ilipothibitisha, na 2025 ilipojitokeza Biharamulo sampuli zilianza kupimwa kwenye maabara inayohamishika huko huko Kagera. Wale ni watu waliosoma hii kozi.

Kuchagua chuo. Kwanza hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, namba za vyuo vya afya zinaanza na REG/HAS, na uangalie kwamba kozi ya maabara yenyewe imeruhusiwa pale, maana kuna chuo kinaweza kuwa halali kwa uuguzi na maabara hawana ruhusa. Vyuo vya serikali vya afya maombi yanapitia mfumo wa NACTVET, vya binafsi unaomba chuoni. Usidanganyike na jengo lenye vioo. Nenda ukaone, Sengerema na Mwanza sio mbali, kama ni Singida au Mvumi basi tafuta mwanafunzi anayesoma pale umpigie. Muulize hadubini ngapi na mko wangapi, na zinazofanya kazi ni ngapi, hayo ni maswali mawili tofauti. Kama mnaangalia wanne wanne kwenye hadubini moja maana yake mmoja anaona watatu wanasimuliwa. Muulize fildi wanapelekwa wapi, hospitali ya rufaa au ya mkoa yenye chumba cha bakteria, au mnatawanywa kwenye zahanati ambako utapima kipimo cha mstari miezi yote. Hospitali ambazo maabara zao zina ithibati ya ISO 15189, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, ni dhahabu kwa mwanafunzi kwa sababu kule kila kitu kimeandikwa na utaona jinsi kazi inavyotakiwa iwe. Kuna chuo kimoja, sitakitaja, wanafunzi wake walikuja fildi mwaka wa tatu hawajawahi kushika sentrifyuji, mashine ya kuzungusha damu itengane, na ada walilipa kama wenzao.

Ada usiangalie ile ya kwenye tangazo tu. Omba ile fomu ya kujiunga usome mpaka mwisho: hela ya mitihani, bima, koti, daftari la fildi, malazi ya fildi ambayo mara nyingi ni juu yako, hapo ndo watoto wa watu wanakwama. Mkopo wa serikali kwa diploma ulianza mwaka 2023/24 kwa kozi za vipaumbele, lakini sio kila kozi ya afya imo, kwa hiyo fungua mwongozo wa Bodi ya Mikopo wa mwaka wako uitafute maabara kwa jina kabla mjomba hajapiga bajeti.

Ajira sitakudanganya. Zipo lakini hazikusubiri mlangoni. Serikalini zinatangazwa kwa awamu, jina la nafasi utaliona kama Mteknolojia Daraja la II Maabara, na mnaokuwa mmemaliza ni wengi kuliko nafasi, kuna wanaokaa mwaka mmoja, kuna wanaokaa zaidi. Katikati hapo wanajitolea hospitali, wanaingia maabara binafsi, miradi ya utafiti, benki ya damu. Utafiti Mwanza upo na hao wanapenda mtu mwenye mkono safi na anayeandika kila kitu alichofanya. Ukitaka kwenda digrii baadae vyuo vikuu vinaangalia GPA (wastani wa alama) ya diploma, 3.0 kwenda juu ndo usalama, na wanarudi mpaka kwenye cheti cha form four, kwa hiyo GPA yako ianze kulindwa semista ya kwanza, watu wanachezea mwaka wa kwanza wakidhani haihesabiki. Utahitaji pia namba ya uhakiki kutoka NACTVET wakati wa kuomba, sio ngumu ila usisubiri siku ya mwisho. Ukimaliza tu chuo fuatilia usajili wa Baraza na leseni, maana unaweza kuitwa kazini ukakosa kwa kitu kidogo kama hicho.

Kitu ambacho hakuna aliyekuambia: pima macho ya rangi. Kama hautofautishi nyekundu na kijani, rangi ya Gram na ya kifua kikuu zitakutesa na ni bora ujue leo. Wanawake ni wachache wanaolipata hilo tatizo lakini ni kipimo cha dakika tano kwa mtu wa macho, nenda.

Kuogopa damu kunaisha. Wengi waliozimia siku ya kwanza ya kutoana damu wao kwa wao leo wanavuta damu ya mtoto mchanga wakiwa wanaongea. Unachotakiwa kuogopa ni sindano iliyotumika. Haurudishi kifuniko chake, unaitupa kwenye boksi lake papo hapo, na ikikuchoma haujifichi kwa aibu, unaosha kwa maji na sabuni unaripoti muda huo huo, kwa sababu dawa za kukinga VVU zinatakiwa zianze haraka na baada ya masaa 72 hazina maana tena. Homa ya ini B inaambukizwa kirahisi zaidi kwa sindano kuliko VVU, na hiyo chanjo ipo. Ni dozi tatu, ya leo, ya baada ya mwezi, na ya miezi sita baada ya ile ya kwanza, kwa hiyo kama unaingia chuo Septemba au Oktoba kapime kwanza, ukiwa huna maambukizi anza dozi ya kwanza sasa hivi ukiwa bado nyumbani, usisubiri kuambiwa na chuo.